Kupima nguvu ya metali ikipigwa ghafla (nondo mbili na kipande cha shaba)

Ile mashine ya kuvuta chuma taratibu mpaka kikatike ni nzuri, ila gari likigonga ukuta mambo yanaisha kwa milisekunde, na risasi ikigonga bamba ni maikrosekunde tu, na hapo shaba inakuwa ngumu kuliko ulivyoipima polepole. Ndo maana kuna nondo za Hopkinson. Hopkinson mwenyewe alianza na nondo moja Uingereza mwaka 1914, mtafiti mwingine, Kolsky, akaja 1949 akaweka sampuli katikati ya nondo mbili, na hadi leo ndo hivyo hivyo.

Laza nondo mbili za chuma kigumu kwenye mstari mmoja, zinyooke kabisa na ziteleze bila kukwama. Kati yake weka kipande cha shaba cha mviringo, urefu milimita 5 hivi, na usisahau grisi pande zote mbili, maana msuguano ukikishika kinavimba tumbo kama pipa alafu unasoma nguvu ambayo haipo. Bunduki ya hewa inarusha nondo fupi ya tatu, tuseme sentimita 20, inagonga ya kwanza. Wimbi linakimbia kama mita 5,000 kwa sekunde, likifika kwenye shaba nusu linarudi nusu linapita (sio nusu kwa nusu kweli, inategemea sampuli).

Geji (vihisi vidogo vinavyosoma nondo imefinyika sehemu gani ya urefu wake) gundisha mbilimbili kwenye kila nondo, moja huku nyingine upande wa pili, ili nondo ikipinda kidogo zifutane. Na ziwe zaidi ya sentimita 20 toka kwenye sampuli, la sivyo wimbi linaloenda na linalorudi yatapandana na hutajua lipi ni lipi.

Wimbi linalorudi linakupa kasi ya sampuli kufinyika: geji ikisoma 0.0005, zidisha kwa 2 na kwa 5,000, gawa kwa urefu wa sampuli yaani 0.005, unapata 1,000 kwa sekunde. Linalopita ndo linakupa mkazo, yaani nguvu kwa eneo la sampuli.

Sasa hapa wengi wanaruka: kwanza piga bila sampuli, nondo zikigusana. Nondo fupi ikigonga kwa mita 10 kwa sekunde, geji isome 0.001 na kisirudi kitu, ikisoma 0.0012 rekebisha geji, usiguse fomula. Ukiweka sampuli, linganisha nguvu kwenye uso wake wa mbele na wa nyuma, zisipolingana grafu hiyo tupa. Maikrosekunde za mwanzoni huwa hazilingani kabisa, kwahiyo unyumbufu wa shaba usiusome hapo, rudi kwa ile mashine ya polepole.