Kabla ya kuuliza nanogramu ngapi: BMP-2, FGF-2 na seli zijengazo mfupa

Mwanafunzi wa uzamili akija maabara na kichupa chake cha BMP-2, protini ya kichocheo inayoamsha ujenzi wa mfupa, swali la kwanza ni lilelile: nitie nanogramu ngapi? Mimi namwuliza atatia siku ya ngapi, maana seli ijengayo mfupa haijibu vilevile ikiwa changa na ikiwa imekomaa. FGF-2, kichocheo kingine, huzifanya seli zizaane, lakini ukiiacha humo muda wote zinachelewa kukomaa. TGF-beta, kichocheo cha tatu, husaidia mwanzoni, kisha mwishoni inazuia madini. BMP-2 ndiyo inayosukuma seli zikomae. Ukoo wa BMP ndio daktari wa mifupa Marshall Urist alioukaribia mwaka 1965, alipoonyesha kwamba kipande cha mfupa kilichoondolewa madini, kikipandikizwa ndani ya msuli, huotesha mfupa mpya.

Tumia seli za MC3T3-E1, zilizotokana na fuvu la panya, na uchague tawi namba 4, yaani ukoo mdogo uliotengwa kutoka kwenye seli hizo. Tawi namba 24 halitoi madini ya maana, kwa hiyo angalia lebo kabla hujayeyusha. Lebo ya alpha-MEM, lishe ya majimaji ya kukuzia seli, nayo isome: aina nyingi zimeshatiwa vitamini C, na unapokuza seli tu unataka ile isiyo nayo, la sivyo zitaanza kukomaa kabla yako.

Panda seli 40,000 hivi kwa kila kisima cha sahani ya visima 24. Zikishagusana zote, hiyo ndiyo siku ya sifuri. Hapo tia vitamini C mikrogramu 50 kwa mililita, na beta-gliserofosfeti, inayozipa seli fosfeti ya kujengea madini. Wengi hutia milimolari 10, mimi natia 5, kwa sababu ikizidi kalsiamu hujitua yenyewe na utasherehekea chokaa tu, si kazi ya seli. Vitamini C usiisahau kabisa: bila hiyo hakuna kolajeni, na BMP-2 inakuwa mpiga lipu aliyeitwa kwenye nyumba isiyo na kuta.

Kichocheo chenyewe ni ghali, kwa hiyo kishike kwa adabu. BMP-2 yeyusha kwenye asidi hidrokloriki ya milimolari 4 yenye albumini asilimia 0.1, maana peke yake hunata kwenye plastiki. Igawe kwenye vichupa vya kutumia mara moja, uweke kwenye friza ya nyuzi −80. Anza na nanogramu 100 kwa mililita. Unapobadili lishe kila baada ya siku 2 au 3, tia kichocheo upya. FGF-2 hasa hupoteza nguvu upesi kwenye joto la nyuzi 37.

Visima vya kulinganishia havitoshi kuwa “bila kitu”. Viwe na asidi ileile na albumini ileile, bila kichocheo. Vingine vipe kichocheo siku 3 za kwanza tu, vingine kuanzia siku ya 7, vingine mwanzo hadi mwisho. Kwa jaribio fupi shusha seramu ya ndama kutoka asilimia 10 hadi 2, kwani seramu imebeba vichocheo vyake na vitafunika vyako.

Siku ya 7 pima kimeng'enya cha alkalini fosfatasi, dalili kwamba seli zinakomaa, halafu gawanya kwa DNA ya kisima hichohicho, inayoonyesha wingi wa seli. Usipogawanya, FGF-2 itakudanganya: seli nyingi, kimeng'enya kingi, kumbe kila seli imepungukiwa.

Siku ya 21 paka alizarini nyekundu, rangi inayoshika kalsiamu, yenye pH 4.2. Hapa mkono uwe mwepesi. Utando wenye madini hubanduka wote kwa pamoja, kwa hiyo ncha ya pipeti iguse ukuta wa kisima, kamwe si katikati. Piga picha kwanza, ndipo uyeyushe rangi kwa setilpiridini kloridi asilimia 10 na kusoma ukali wa rangi hiyo kwenye mwanga wa nanomita 562.

Visima vichache vya BMP-2 vitie na nogini pia, protini inayoikamata BMP-2 isifike kwenye seli. Wekundu ukibaki uleule hata humo, haukuletwa na BMP-2. Rudi ukaangalie beta-gliserofosfeti.