Kasuku Anapojinyonyoa Manyoya: Hatua Ninazofuata Hapa Moshi

Mwezi wa tano, masika yakiwa yamepamba moto, mama mmoja wa Majengo alinipigia simu analia. Kasuku wake wa kijivu, Baraka, aliyekaa naye miaka tisa, alikuwa amebaki na kifua kitupu kama kuku aliyetolewa kwenye maji ya moto. Kabla sijafika, mama alikuwa ameshampaka mafuta ya nazi na kumnyunyizia dawa ya unga ya viroboto vya kuku.

Alifanya kwa mapenzi, na wengi hufanya hivyohivyo. Naomba usifanye. Mafuta hugandisha manyoya yaliyobaki, ndege akashindwa kutunza joto lake. Dawa ya unga ataimeza, kwa sababu kasuku hujichambua manyoya kwa mdomo kutwa nzima. Kama umeshampaka, mpigie daktari wa mifugo leo, umtajie jina la dawa.

Hatua ya 1: Tazama kichwa

Mdomo wa kasuku haufiki kichwani kwake mwenyewe. Ukikuta kichwa kimevaa manyoya mazuri, lakini kifua, mapaja na chini ya mabawa ni ngozi tupu, ujue anajinyonyoa. Kichwa nacho kikiwa na upara, ama mwenzake wa tunduni ndiye anayemnyonyoa, ama ni ugonjwa. Kuna virusi vinavyoharibu manyoya na mdomo wa ndege wa jamii ya kasuku: manyoya huota yamepinda au yamebanwa shinani, na mdomo unaweza kupasuka. Mtenge na ndege wengine mpaka apimwe.

Kupukutisha manyoya ya zamani ni kitu kingine. Hapo utaona manyoya mazima sakafuni, ila ngozi haibaki wazi.

Hatua ya 2: Mpime uzito, kisha daktari

Usianze kusema "ana upweke" kabla mwili haujachunguzwa. Chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu, mpime asubuhi kabla hajala. Kasuku wa kijivu wengi wana gramu 400 hadi 500. Uzito ukishuka kwa sehemu moja ya kumi, hilo ni la haraka.

Watu hushuku utitiri kwanza, lakini kwa kasuku anayeishi ndani ya nyumba mara nyingi siyo sababu. Mwombe daktari afikirie ini, maambukizi ya ngozi, vijidudu vya tumboni, na sumu ya madini. Waya wa mabati una zinki, na kasuku huutafuna. Rangi ya zamani ya dirisha inaweza kuwa na madini ya risasi. Madaktari wetu wengi wamezoea ng'ombe na kuku, hivyo muulize waziwazi kama ameshatibu kasuku, na kama sampuli ya kinyesi au damu inaweza kupelekwa maabara ya veterinari Arusha.

Akianza kujichuna nyama hadi kutoa damu, usisubiri hatua nyingine yoyote. Huyo anahitaji daktari siku hiyohiyo, na pengine kola ya shingoni kwa muda. Kola huzuia mdomo, haiondoi sababu, kwa hiyo usimvishe kwa uamuzi wako.

Hatua ya 3: Daftari la siku 14

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wanapochoka haraka. Kila unapomwona anang'oa, andika saa, alipokuwa, nani alikuwepo, sauti iliyokuwa ikisikika, na kilichokuwa kikipikwa. Andika pia saa aliyolala na saa aliyoamka. Usichague unachodhani ni muhimu, andika vyote.

Daftari la mama wa Majengo lilinifundisha zaidi ya vitabu vyangu. Karibu manyoya yote yaling'olewa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri. Nikamuuliza, "Mama, saa tisa zamani kulikuwa na nini?" Akanyamaza, kisha akasema, "Ndiyo saa mwanangu wa mwisho aliyokuwa akirudi shule." Kijana alikwenda bweni mwezi wa kwanza. Kwa miaka mingi alikuwa akitua begi, anamtoa ndege tunduni, wanakula pamoja. Mlango ule haukufunguka tena.

Kurasa chache mbele, jambo la pili: mvua zilipoanza, jiko la mkaa lilihamishiwa barazani, hatua tatu kutoka tundu la Baraka. Mapafu ya ndege ni mepesi sana kudhurika na moshi. Basi tulikuwa na sababu mbili, na hakuna hata moja ambayo dawa ya unga ingeigusa.

Hatua ya 4: Sahani

Baraka alikula alizeti na karanga tu. Mbegu hizo zina mafuta mengi, vitamini A kidogo na kalisi kidogo, na kasuku wa kijivu huathirika haraka kalisi ikipungua, hata kupata degedege. Usimbadilishie kwa siku moja, atagoma kula. Punguza mbegu taratibu kwa wiki kadhaa huku ukimpima uzito.

Sokoni Mbuyuni utapata karibu kila anachohitaji: karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, pilipili hoho, papai, sukuma wiki. Mchicha mpe kidogo tu, kwa kuwa una asidi inayozuia kalisi kufyonzwa. Yai la kuchemsha na ganda lake mara moja kwa wiki. Maharage yaive kabisa, usimpe mabichi.

Mambo mawili nayasisitiza kwa sababu ya tunakoishi. Parachichi ni sumu kwa kasuku, tunda na majani, hata kama mti umejaa uani kwako. Na karanga au mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, inayoharibu ini. Karanga usiyoweza kuila wewe, usimpe yeye. Kahawa, chokoleti, pombe na chumvi navyo avikose.

Hatua ya 5: Usingizi, jua na maji

Anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Giza letu huingia karibu saa moja usiku, lakini sebuleni televisheni huwaka hadi saa tano. Mhamishie chumba kingine, au afunikwe kwa kitenge chepesi mahali penye kimya.

Mtoe nje asubuhi kwa nusu saa, tundu likiwa nusu juani nusu kivulini, nawe ukiwa karibu kwa sababu ya paka na mwewe. Jua la kupitia kioo cha dirisha halitoshi, maana kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D. Mara tatu kwa wiki mnyunyizie maji ya uvuguvugu mchana, akauke kabla ya baridi ya jioni.

Hatua ya 6: Mpe mdomo kazi

Porini kasuku hutumia sehemu kubwa ya siku kuruka na kutafuta chakula. Tunduni bakuli linakwisha kwa dakika chache, na mdomo uliobaki bila kazi huenda kwenye manyoya. Ficha chakula: ndani ya kadibodi isiyo na pini, ndani ya kifuu cha nazi, kwenye hindi bichi lililobaki na maganda yake. Mkatie tawi la mpera lenye majani, lisilopuliziwa dawa, ulioshe. Epuka nyuzi za nailoni, hukaza vidole vyake.

Saa ya kutoa vitu hivi uipate kwenye daftari. Kwa Baraka ilikuwa saa tisa kasorobo, kabla ya kiu ya kung'oa kuanza. Ukimpa wakati anang'oa, atajifunza kwamba kung'oa huleta zawadi. Vilevile usimpigie kelele. Kwa ndege mpweke, hata kelele ni mazungumzo. Mzungumzie anapotulia.

Usimnunulie mwenzake kama tiba. Anaweza kuleta ugonjwa, na kasuku wa kijivu yuko tangu mwaka 2017 kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Anayekuuzia njiani bila kibali huenda anakuuzia ndege aliyeibwa msituni.

Hatua ya 7: Linda vichipukizi

Manyoya mapya huanza kama miiba yenye damu ndani. Usiishike wala kuibana. Ukivunjika mmoja, bonyeza kwa kitambaa safi na wanga wa mahindi. Damu isipokoma kwa dakika chache, nenda kwa daktari.

Mwezi wa tisa kifua cha Baraka kilikuwa kimerudi kijivu. Paja la kushoto limebaki na doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Mashina ya pale yamekufa na manyoya hayataota tena. Kijana atakuja likizo ya Desemba, kisha atarudi bweni mwezi wa kwanza. Mama ameshaandika kwenye daftari: kuanzia siku hiyo, hindi bichi litolewe saa tisa kasorobo, na yeye mwenyewe akae barazani hadi saa kumi na moja.