Kazimoto Tumwamini Wapi? Namna ya Kumsoma Msimulizi wa Kichwamaji

Vijana wanaokuja kwangu Nkuhungu, Dodoma, jioni kujisomea fasihi huniuliza kama Kazimoto anasema kweli. Swali la haki, maana riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, tunaipata kinywani mwa Kazimoto mwenyewe. Nawajibu: usimwamini mzimamzima, wala usimkatae mzimamzima.

Shika penseli. Kila anapomtaja mtu, andika pembeni J, yaani jicho, kama anaeleza alichokiona. Andika H kama anatoa hukumu. Nilijifunza hivi nikiwa mjumbe wa baraza la kata, tukisikiliza ugomvi wa viwanja. Mlalamikaji akisema "jirani yangu ni mwizi", tulimuuliza: ulimwona aking'oa bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, au uliambiwa? Bikoni tuliiandika. Wizi ulisubiri.

Kisha tafuta anachokitaka msimulizi. Kazimoto ana kisasi: Manase alimpa mimba Rukia, dada yake, naye anapanga kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase. Basi Sabina tunaonyeshwa na mtu aliyemkusudia ubaya. Kurasa zake zisome polepole. Anza na anayoyasema Sabina mwenyewe na anayoyatenda, ndipo urudi kwenye maelezo ya Kazimoto juu yake. Yakipishana, mimi nasimama na Sabina. Wapo wanaobisha kwamba hata maneno ya Sabina yamepitia kwa Kazimoto. Ni kweli, lakini mwenye kisasi akikuletea neno linalomtetea yule anayemwinda, hilo lishike sana, kwa sababu halimsaidii yeye.

Usikimbilie kumwita mwongo. Uchungu wa kaka mtu ni wa kweli kabisa, na ndio unaompotosha. Kwangu hapo ndipo ukubwa wa riwaya hii ulipo: tunamhurumia na kumshuku kwa wakati mmoja.

Riwaya ya nafsi ya tatu, ambayo msimulizi wake si mhusika, kama Rosa Mistika ya 1971 ya mwandishi huyohuyo, haidai kazi yote hii. Chunguza tu sifa anazobandikwa mhusika.

Mwishoni Kazimoto anajiua. Ukifika hapo, rudi ukurasa wa kwanza uulize: aliyekuwa akinisimulia alikuwa wapi, na alikuwa akimwambia nani? Andika jibu lako kabla hujasikia la mwenzako, kisha mkae mbishane.