Tazama Hesabu, Tazama Ukuta: Namna ya Kufuatilia Besiboli na Kuogelea

Olimpiki ya Los Angeles, Julai 2028, italeta kitu ambacho Paris 2024 haikuwa nacho: besiboli na kuogelea katika michezo ileile. Besiboli itachezwa Dodger Stadium kwa timu 6, na bwawa litawekwa ndani ya SoFi Stadium, uwanja wa mpira wa Kimarekani. Shabiki aliyelelewa na soka huichoka michezo hii miwili kwa sababu moja: macho yake yako pasipohusika. Kwenye besiboli anaukimbiza mpira, kwenye kuogelea anatazama mikono inavyopiga maji. Besiboli huamuliwa kabla mpira haujapigwa, na kuogelea huamuliwa ukutani. Anza kujizoeza sasa.

Kwanza saa

Mechi nyingi za ligi kuu ya Marekani, MLB, huanza jioni ya kule. Wakati wa kiangazi chao, ongeza saa 7 kwa mechi ya New York na saa 10 kwa mechi ya Los Angeles. Mechi ya saa 1:05 jioni New York ni saa 8:05 usiku Dar es Salaam na Nairobi. Ya saa 1:10 jioni Los Angeles ni saa 11:10 alfajiri. Walioko Lubumbashi na Bujumbura wapunguze saa moja, walioko Muscat waongeze moja. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kuanzia hapo hadi Machi tofauti huzidi kwa saa moja.

Kosa la kawaida ni kusoma ratiba ya Kimarekani inayosema 7:05 jioni na kuifanyia hesabu bila kwanza kuigeuza kuwa saa 1:05 ya Kiswahili. Matokeo yake unawasha runinga mechi imekwisha. Anayeanza achague mechi za mchana wa Jumapili: saa 7:35 mchana New York ni saa 2:35 usiku kwetu, na hakuna haja ya kukesha.

Besiboli: soma hesabu kabla ya mrusho

Kanuni za kutosha kuanzia ni hizi. Mechi ina iningi 9, yaani vipindi, na katika kila iningi kila timu hupiga hadi ipate auti 3, yaani wachezaji wake watatu watolewe. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kibao cha nyumbani, anaposimama mpigaji, na kibao chenyewe kina upana wa sentimita 43. Mrusho unaopita juu ya kibao, kati ya chini ya goti na usawa wa katikati ya bega na mkanda, ni straiki. Ukipita nje ya hapo na mpigaji asiuzungushie kigongo, ni boli. Akizungusha akakosa, ni straiki popote mpira ulipokuwa. Straiki 3 ni auti. Boli 4 humpa mpigaji bure besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne anavyozunguka ili kupata pointi. Mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari ni straiki pia, ila kwa kawaida hauwi straiki ya tatu, ndiyo maana mpigaji mkaidi anaweza kuharibu mirusho 6 au 7 mfululizo na bado akabaki palepale.

Sasa angalia pembe ya skrini. Utaona tarakimu mbili, mfano 2-1. Ya kwanza ni boli, ya pili ni straiki. Usiigeuze. Hiyo ndiyo hesabu, na ndiyo moyo wa mchezo.

Hesabu ikiwa 0-2, mrushaji ana nafasi ya kupoteza mirusho mitatu. Atarusha nje ya eneo makusudi, mara nyingi mpira unaodondoka mwishoni, ili mpigaji aliyebanwa auzungushie. Ikiwa 3-1, mambo yamegeuka: mrushaji hawezi kumudu boli nyingine, kwa hiyo mpigaji husubiri mpira wa kasi katikati ya kibao na kuupiga kwa nguvu zote. Ikiwa 3-2 na auti tayari ni 2, mkimbiaji aliye kwenye besi na anayelazimika kusogea kwa kuwa wa nyuma yake anaihitaji besi hiyo huanza kukimbia mara tu mrusho unapoachiliwa, kwa sababu hana cha kupoteza.

Zoezi: kabla ya kila mrusho, sema kwa sauti, “ndani” au “nje”, “kasi” au “polepole”. Kisha tazama glavu ya mdakaji, usitazame mkono wa mrushaji. Mdakaji huonyesha mahali mpira unapotakiwa ufike. Glavu ikibaki ilipokuwa, mrushaji amelenga. Ikivuka upande wa pili wa kibao, amekosa, hata kama mwamuzi ameita straiki. Mrushaji anayekosa hivyo mara tatu au nne katika iningi moja yuko karibu kupigwa, na utakuwa umeliona hilo kabla ubao wa matokeo haujabadilika.

Kasi huonyeshwa kwa maili. Zidisha kwa 1.6 kupata kilomita. Maili 95 kwa saa ni kama kilomita 153, na mpira huo hufika kwa takriban sekunde 0.4. Lakini kasi peke yake haimtishi mpigaji wa kiwango hiki. Kinachomvuruga ni tofauti: mkono uleule, mwendo uleule, kisha mpira unakuja ukiwa pungufu kwa maili 8 hadi 10, na yeye ameshazungusha.

Saa ya kurushia ilianza kutumika MLB mwaka 2023, na ndiyo iliyowaokoa watazamaji wa usiku. Mrushaji ana sekunde 15 besi zikiwa tupu, na 18 tangu 2024 kukiwa na mkimbiaji. Akichelewa ni boli. Mpigaji asiyekuwa tayari zikisalia sekunde 8 hupewa straiki. Wastani wa mechi ya iningi 9 ulishuka kutoka saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 hadi saa 2 na dakika 40 mwaka uliofuata. Wapo wanaolalamika kwamba mchezo umeharakishwa. Tunaona wamekosea: kilichoondolewa ni kurekebisha glavu na kutembeatembea, na hesabu imebaki vilevile.

Mwishoni mwa mechi utakuta herufi tatu: R ni pointi, H ni mipigo iliyomfikisha mpigaji besi salama, E ni makosa ya walinzi. Wastani wa mrushaji, ERA, hupatikana kwa kuzidisha pointi alizoruhusu kwa 9 na kugawa kwa iningi alizorusha, bila kuhesabu pointi zilizotokana na makosa ya wenzake. Pointi 3 ndani ya iningi 6 ni 4.50. Ukiona 6.1 kwenye iningi, hiyo si desimali: ni iningi 6 na theluthi moja, yaani auti moja zaidi. Wengi hukosea hapo.

Na usimhukumu mtu kwa wiki moja. Ligi Kuu ya Tanzania ina mechi 30. MLB ina 162 kwa kila timu. Chicago White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024, na bado walishinda 41. Seattle Mariners walishinda 116 mwaka 2001 na hawakufika hata kwenye fainali, World Series. Mechi moja ya besiboli haithibitishi kitu. Anayetaka kujua nani bora asome jedwali la Septemba.

Afrika nayo imo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza MLB, Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates, na Lugazi ya Uganda ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League kule Williamsport, mwaka 2012.

Kuogelea: hesabu kuta

Bwawani hakuna mechi 162. Kuna dakika moja au mbili, na ukikosa unasubiri miaka minne. Kwa hiyo maandalizi yako yafanyike kabla ya filimbi.

Soma kwanza mpangilio wa njia. Aliyekuwa na kasi zaidi kwenye mchujo huwekwa njia ya 4, kisha 5, 3, 6, 2, 7, 1 na 8. Kamera hupenda katikati. Wewe usisahau kingo. Tokyo, Julai 2021, Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, mwenye umri wa miaka 18, alishinda mita 400 mtindo huru kutoka njia ya 8 kwa 3:43.36, mbele ya Jack McLoughlin kwa sekunde 0.16.

Wakishajitosa, hesabu sekunde hadi kichwa kitokeze. Katika mtindo huru, kipepeo na chali, muogeleaji anaruhusiwa kubaki chini ya maji hadi mita 15 tu, na alama ya mita 15 ipo kwenye kamba za njia. Mwenye teke zuri la pomboo, miguu miwili ikipiga kwa pamoja, hutokeza karibu na alama hiyo akiwa ameshatangulia, kwa kuwa chini ya maji hapambani na mawimbi. Tazama kila ukuta kwa namna hiyo. Dalili ya kuchoka huonekana hapo mapema kuliko kwenye mikono: aliyetokeza mita 12 kwenye ukuta wa kwanza anatokeza mita 7 kwenye wa tatu. Pumzi imemwishia.

Andika muda wa kila mita 50. Mbio za mita 200 zilizopangwa vizuri huwa na kipande cha kwanza chepesi kwa sababu ya kujitosa, kisha vitatu vinavyokaribiana, mfano 25.0, 27.2, 27.4, 27.1. Ukiona 24.3, 26.8, 28.0, 29.1, huyo alitoka kwa pupa: nyonga zimezama, kila mvuto unashika maji kidogo, na hata akiongeza idadi ya mivuto haendi popote. Pan Zhanle wa China alipoogelea mita 100 kwa 46.40 Paris 2024, alikwenda wastani wa mita 2.16 kwa sekunde.

Mstari wa rekodi ya dunia unaochorwa kwenye skrini unapotosha katika mbio za mchanganyiko. Mpangilio ni kipepeo, chali, chura, mtindo huru, na kila mtu ana nguvu zake. Katika mita 400, anayeongoza baada ya mita 200 anaweza kupoteza sekunde mbili kwenye chura. Katika mchanganyiko wa kupokezana, mpangilio hubadilika: chali huanza, kwa kuwa huanzia majini na haiwezekani kupokezana kwa namna hiyo. Usilinganishe muda wa mpokeaji na wa mbio binafsi. Mpokeaji huanza kujirusha mwenzake akikaribia ukuta, hivyo huokoa muda. Ni wa kwanza tu ambaye muda wake huhesabiwa kwa rekodi.

Kwenye mguso wa mwisho, acha kutazama vichwa. Subiri ubao. Beijing 2008 Michael Phelps alimshinda Milorad Čavić kwa 50.58 dhidi ya 50.59 mita 100 kipepeo, huku Čavić akionekana mbele: Phelps aliongeza nusu mvuto na kuusukuma ukuta, Čavić aliteleza kuufikia. Pedi ya ukutani inayosimamisha saa inahitaji kusukumwa. Haijali nani yuko karibu nayo.

Muda husimama kwenye sehemu ya mia ya sekunde. Munich 1972 Gunnar Larsson alipewa dhahabu ya mita 400 mchanganyiko kwa tofauti ya sekunde 0.002 dhidi ya Tim McKee. Kwa kasi yao hiyo ni kama milimita 3, ilhali kanuni huruhusu njia moja kuzidi nyingine hadi sentimita 3. Sheria ikabadilishwa. Ndiyo maana Rio 2016, mita 100 kipepeo, Phelps, Chad le Clos na László Cseh walipanda jukwaani watatu kwa fedha moja, wote 51.14, na hakuna aliyepewa shaba.