Mafuta ya karafuu, mchaichai na mkaratusi: jinsi ya kuyatumia bila kujiunguza

Jamani siku ya kwanza mi kununua mafuta ya karafuu pale sokoni Darajani, Zanzibar, nilikuwa na kichwa kinagonga balaa, nikafika nyumbani nikafungua kichupa nikajipaka paji zima la uso kama mtu anayejipaka vaselini. Dakika mbili hazijafika ngozi ikaanza kuwaka. Nikakimbilia bombani nikajimwagia maji, wapi, ndo kwanza kama nimechochea. Mama mkubwa akatoka jikoni na mafuta ya nazi na kipande cha kanga kuukuu, akawa anapaka anafuta, anapaka anafuta mpaka kukatulia, huku ananisema, "Mafuta huyatoi kwa maji, unayatoa kwa mafuta mwenzake." Doa la kahawia nilikaa nalo wiki nzima, nikiulizwa nasema nimegonga mlango.

Sasa nililokuwa silijui ni hili, haya mafuta tunayaita mafuta tu lakini sio ndugu ya nazi wala alizeti. Yanatolewa kwa mvuke, majani au maua au makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, yanapikwa, mvuke unabeba harufu, ukipoa yanabaki maji na mafuta kidogo sana juu au chini. Pale Wawi, Pemba, kuna kiwanda cha kutoa mafuta kwenye makonyo ya karafuu, ukipita karibu pua inajua kabla ya macho. Kinachotoka ni kikali, zaidi ya asilimia 70 ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, dawa ileile madaktari wa meno wanachanganya kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo kipimo chake ni tone, sio kijiko.

Kuchanganya ni hivi. Chukua vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi au ufuta, hiyo ni kama mililita 30, weka matone 6 ya mchaichai au lavenda au langilangi. Sita tu, usione machache. Kwa karafuu shuka mpaka matone 3, ngozi haiivumilii. Tikisa, paka kidogo ndani ya kiwiko, kaa mpaka kesho yake. Pakiwasha au pakipiga wekundu, basi hayo sio yako, mpe mwingine au tia kwenye ndoo ya kudekia.

Mafuta feki yamejaa, kwa hiyo pima kabla hujayaamini. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uache kutwa, ya mkaratusi au mchaichai yakiwa halisi yatapaa yatabaki na alama hafifu, yakiacha duara la mafuta kama karatasi ya maandazi ujue yamechanganywa na ya kupikia. Karafuu ina kipimo chake kizuri zaidi, tone likiingia kwenye glasi ya maji linazama, maana ni zito kuliko maji. Likielea kama nazi, mtihani huo.

Matumizi sasa. Mi nayapenda zaidi usiku. Huna haja ya difyuza, kile kifaa cha umeme cha kusambaza harufu, chukua bakuli la maji ya moto weka matone 3 ya lavenda au langilangi, liache kwenye kona ya chumba nusu saa kabla ya kulala, dirisha wazi kidogo. Bibi zetu walikuwa na kikuba, asumini na mrehani na langilangi vimefungwa pamoja, kazi ni ileile. Ukiniuliza mi naona nusu ya usingizi unaletwa na kule kukaa chini na kuweka simu mbali, lakini harufu inakukumbusha kwamba siku imeisha, na hilo sio dogo. Chetezo cha udi pia kinatuliza, ila huo ni moshi na mkaa, mwenye pumu asikae nao, na usilale na mkaa unawaka chumba kimefungwa, gesi yake haina harufu na inaua.

Shingo ikikaza baada ya kutwa nzima kwenye kompyuta, ule mchanganyiko wa mchaichai kandia kuanzia nyuma ya masikio kushuka mabegani, taratibu, dakika kumi. Ukitaka kuoga na mafuta ya kichupani usiyadondoshe kwenye ndoo moja kwa moja, yataelea juu yakufuate mwilini mabichi, yachanganye kwanza na kijiko cha mafuta ya nazi. Na ya limau au ndimu ya kukamuliwa ganda usipake ukatoka juani, jua linakuunguza vibaya.

Mafua je? Mkaratusi, tone 1 au 2 kwenye bakuli, vuta harufu kwa mbali. Mnakumbuka 2020 wakati wa korona tulivyopiga nyungu, kujifukiza mvuke wa majani, kila nyumba, wangapi waliungua na maji yenyewe, kwa hiyo bakuli liwe mezani sio mapajani. Pua inafunguka, ugonjwa hautibiki. Ndo hivyohivyo na jino, pamba yenye karafuu iliyochanganywa inatia ganzi upate usingizi, asubuhi nenda kwa daktari, tundu halijizibi. Mchaichai unafukuza mbu kidogo alafu unaisha, neti iko palepale.

Hapa sina utani: usinywe, hata mtu akikwambia ni asilia. Mtoto akinywa karafuu kidogo tu ini linaweza kuharibika, kafuri inaleta degedege, na mkaratusi usimpake mtoto mdogo puani wala kifuani. Akishameza usimtapishe, mkimbize hospitali na kichupa chake mkononi. Mjamzito, mwenye kifafa na anayemeza dawa za kuyeyusha damu waulize kwanza kliniki. Na paka, ini lao haliwezi kabisa vitu hivi, ukifungulia harufu mwache atoke.

Weka kwenye chupa ya kioo cheusi, kabatini, mbali na jua na mbali na watoto. Mi niliwahi kuhamishia karafuu kwenye kichupa cha plastiki cha hoteli nikasafiri nacho, nafungua begi kimelegea kimevuja, mwezi mzima nguo za kazini zinanuka pilau.