Jinsi ya kuanzisha mabadiliko ya Katiba ya Kenya kwa sahihi za wananchi

Njia hii iko katika Kifungu cha 257 cha Katiba ya 2010, na ni ya mwananchi wa kawaida. Rais haruhusiwi kuitumia. Mahakama ya Juu ilisema hivyo Machi 31, 2022 ilipozima BBI, mpango wa kubadili Katiba uliopigiwa debe na Rais Uhuru Kenyatta.

Anza na mswada. Katiba inakubali hata pendekezo la jumla, lakini bado ni nyinyi waanzilishi mtakaoligeuza kuwa mswada, kwa hiyo tafuteni wakili mapema.

Kisha sahihi milioni moja za wapiga kura waliosajiliwa. Hapa ndipo kazi ilipo. Okoa Kenya, kampeni ya upinzani ya kubadili Katiba, walipeleka karibu milioni 1.6, na mwaka 2016 tume ya uchaguzi, IEBC, ikakubali 891,598 tu. Hebu fikiria meza yako sokoni: mama mboga anatia sahihi huku akirudisha chenji, anataja nambari ya kitambulisho kwa kichwa, tarakimu moja inaruka. Sahihi hiyo imekwenda na maji. Karani aandike akikitazama kitambulisho chenyewe, na aulize kwanza kama mtu amejisajili kupiga kura. Kuwa na kitambulisho si kuwa kwenye sajili. Mimi ningelenga milioni mbili.

Peleka mswada na sahihi IEBC. Ikiridhika, inautuma kwa mabunge yote 47 ya kaunti, nayo yana miezi mitatu. Unahitaji 24. Usikae ukingoje: kampeni ya Punguza Mizigo ya 2019, iliyotaka wabunge 416 wabaki 147, ilivuka IEBC ikafia kwenye kaunti. Mtembelee MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, kabla mswada haujamfikia, maana atauliza wadi yake itapata nini.

Kaunti zikikubali, mswada unaingia Bungeni, na unahitaji wingi wa wabunge na wa maseneta. Bunge la Taifa au Seneti ikiukataa haufi, unakwenda kwa wananchi kwenye kura ya maoni, na huo ndio utamu wa njia hii. Unakwenda pia ukigusa mambo ya Kifungu cha 255, kama haki za msingi, muhula wa rais au ugatuzi. Kwenye kura ya maoni mswada hupita kwa wingi wa kawaida, ila asilimia 20 ya waliosajiliwa lazima wajitokeze katika kila kaunti kwenye angalau nusu ya kaunti zote. Kisome kifungu hicho kabla hujachapisha fomu ya kwanza, ujue kama bajeti yako ni ya sahihi tu au ni ya kampeni ya nchi nzima.