Kupunguza kasi ya biti ili DVD uliyoichoma mwenyewe isikwame kwenye deki

Mtu akichoma DVD ya video aliyoirekodi mwenyewe, akaijaribu kwenye kompyuta ikacheza vizuri, kisha akaiweka kwenye deki ya sebuleni ikaanza kuganda, sauti ikikatika na picha ikivunjika vipande vya mraba, kwanza hushuku ubovu wa diski au uchakavu wa deki. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Kinachosumbua ni kasi ya biti, yaani wingi wa data ambao deki inatakiwa kuusoma na kuufumbua katika kila sekunde moja ya video.

Mimi nililijua jambo hili kupitia diski ya dakika 40 iliyokwama kila wageni walioonekana kwenye video waliporuka na kucheza, ilhali diski ya saa mbili niliyoichoma wiki hiyohiyo, kwa diski tupu za pakiti ileile, ilicheza mwanzo hadi mwisho bila kugota. Nilidhani diski yenye video fupi ndiyo ingekuwa nyepesi, kumbe ni kinyume chake. Programu nyingi za kutengenezea DVD, zikiachwa zijiamulie, hujaribu kuijaza diski nzima. Kadiri video inavyokuwa fupi ndivyo zinavyoimwagia kila sekunde biti nyingi zaidi, hadi zinagusa ukomo ambao deki nyingi huumudu kwa taabu.

Ukomo wenyewe unajulikana. Kanuni za DVD ya video zinaruhusu picha isizidi kilobiti 9,800 kwa sekunde (kilobiti moja ni biti elfu moja), na picha, sauti na manukuu vikijumlishwa visizidi 10,080. Deki huizungusha diski kwa kasi ya msingi, ambayo huleta takriban kilobiti 11,080 kwa sekunde, kwa hiyo video iliyosimbwa, yaani iliyobanwa kuwa data ya kidijitali, karibu na ukomo huiachia deki nafasi ndogo mno ya kujirekebisha. Diski zinazotoka kiwandani zikiwa zimegandamizwa husomeka kwa urahisi, lakini diski ya kuchoma nyumbani hutegemea rangi maalumu inayobadilishwa na mwale wa leza, na usomaji wake huwa na makosa mengi zaidi. Leza ikikosea hurudi kusoma upya, na wakati huo deki huendelea kuonyesha picha kutoka kwenye akiba ndogo iliyo katika kumbukumbu yake. Video ikiwa na kilobiti 9,000 kwa sekunde, akiba hiyo humalizika upesi na picha inaganda. Ikiwa na 5,000, deki hupata muda wa kurudia kusoma bila mtazamaji kutambua chochote. Kompyuta haionyeshi tatizo hili kwa sababu kiendeshi chake kinaweza kuzungusha diski kwa kasi iliyo mara kadhaa ya ile ya msingi, na kumbukumbu yake ni kubwa.

Kabla ya kusimba, piga hesabu. Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, mimi huhesabu bilioni 4.4 tu, ili ibaki nafasi ya menyu na ili ukingo wa nje wa diski, ambako makosa ya uchomaji huzidi, usitumike. Zidisha kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, upate biti bilioni 35.2, gawanya kwa idadi ya sekunde za video, kisha toa kasi ya sauti. Video ya dakika 120 ina sekunde 7,200, hivyo unapata karibu kilobiti 4,890, na ukitoa 192 za sauti zinabaki takriban 4,700 za picha. Video ya dakika 90 hupata kama 6,300. Video ya dakika 40, kwa hesabu hiyohiyo, ingepata zaidi ya 14,000, na hapo ndipo hesabu inapaswa kuachwa: weka wastani wa kilobiti 5,000 hadi 6,000, na ukubali kwamba sehemu kubwa ya diski itabaki tupu. Hakuna ubaya wowote diski kubaki na nafasi.

Wastani peke yake hautoshi, na kosa hili nimeliona kwa watu wengi. Video iliyosimbwa kwa kasi inayobadilika inaweza kuwa na wastani wa 5,000 na bado ikapanda hadi 9,500 pale panapokuwa na mwendo mwingi, kwa mfano maji yanayoruka, majani yanayotikiswa na upepo, au kamera inayotetemeka mkononi. Deki hukwama kwenye vilele hivyo. Kwa hiyo tafuta katika programu yako sehemu ya kasi ya juu kabisa na uiweke 7,500; kwa deki ya zamani sana, 7,000.

Sauti nayo isisahauliwe. Sauti ya PCM isiyobanwa, ya chaneli mbili, hula kilobiti 1,536 kwa sekunde, wakati AC-3, muundo wa sauti iliyobanwa, ya kilobiti 192 hutosha kabisa kwa mazungumzo na muziki wa kawaida. Kubadilisha sauti pekee huiondolea deki mzigo wa zaidi ya kilobiti 1,300 bila kuigusa picha.

Anayetumia programu ya bure ya FFmpeg anaweza kufanya yote haya kwa amri moja, akiandika majina ya mafaili yake mahali pa haya:

ffmpeg -i video.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 5000k -maxrate:v 7500k -b:a 192k video.mpg

Sehemu ya "pal-dvd" huchagua usimbaji wa MPEG-2 unaotumika kwenye DVD, ukubwa wa 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde. Yanayofuata yanaweka wastani wa picha, kilele chake na kasi ya sauti. Usiyaache, kwa kuwa chaguo la "-target" lina viwango vyake, 6,000 kwa wastani na 9,000 kwa kilele, na viwango vyako vinatakiwa kuchukua nafasi ya hivyo. Faili likiwa tayari, liingize katika programu ya kupanga menyu na uhakikishe kwamba programu hiyo hailisimbi upya, vinginevyo kazi yako yote itafutwa kimyakimya.

Ikiwa video ni ndefu kiasi kwamba wastani unashuka chini ya 3,500, picha ya ukubwa kamili huanza kuonyesha miraba kwenye vivuli na kwenye mwendo. Hapo kwanza tumia usimbaji wa mipitio miwili, ambao huichunguza video yote kabla ya kugawa biti. Isipotosha, punguza ukubwa hadi 352 kwa 576, ambao kanuni za DVD zinauruhusu. Picha laini kidogo inatazamika vizuri kuliko picha iliyojaa miraba.

Si kila mshtuko wa picha unatokana na kasi ya biti, na hili linahitaji uangalifu. Diski ikikwama mahali palepale penye mwendo mwingi kila unapoicheza, hata baada ya kuchoma nakala nyingine, shuku kasi ya biti. Ikikwama mahali tofauti kila mara, angalia vumbi kwenye lenzi au michubuko kwenye diski. Ikikwama kuelekea mwisho tu, uchomaji wa sehemu ya nje ndio haukukamilika vizuri. Na kama picha haigandi ila hurukaruka kila kamera inapogeuka, huenda video ya simu yenye fremu 30 kwa sekunde imegeuzwa kuwa 25, ambapo fremu moja katika kila sita hutupwa. Kupunguza biti hakutasaidia, bali tumia "ntsc-dvd", mfumo wa takriban fremu 30 kwa sekunde, mahali pa "pal-dvd", ikiwa deki na televisheni yako vinaikubali.

Katika kuchoma, chagua kasi ya 4x au 8x (mara nne au nane ya ile ya msingi) hata kama diski imeandikwa 16x, na usibandike karatasi juu yake, kwani huipa uzito usiolingana na ikayumba inapozunguka. Kwa jaribio la kwanza DVD-RW, diski inayofutika na kuandikwa upya, huokoa gharama, lakini kumbuka kwamba hurudisha asilimia 18 hadi 30 tu ya mwanga wa leza, wakati DVD-R, ya kuandikwa mara moja, hurudisha asilimia 45 au zaidi. Baadhi ya deki hushindwa kuisoma hata kama video imesimbwa sawasawa, kwa hiyo ikigoma, ijaribu video hiyohiyo kwenye DVD-R kabla ya kuendelea kushusha biti.